Hadithi ya Kifuu na Masizi

Paukwa!

Mbona kimya? Itikieni. Hadithi ya leo haina sungura wala fisi, ila ina tajiri asiyefikika na maskini anayemfungulia njia. Tajiri ni kifuu cha nazi. Maskini ni masizi, haya haya mnayoyasugua chini ya sufuria mkinung'unika.

Nazi ikishakunwa kwenye mbuzi na tui likishakamuliwa, kifuu hubaki kando kama hakina mwenyewe. Zamani kilitengenezwa kata ya kuchotea maji au upawa wa kutekea mchuzi. Siku hizi kwa wengi kinaishia jikoni kuwa kuni. Na jikoni kina sifa zake: mkaa wa vifuu ni mgumu, moto wake mkali, majivu yake machache. Sifa hizo ndizo zilizowafanya wenye viwanda huko Sri Lanka, India, Ufilipino na Indonesia wavigombanie. Huvichoma pasipo hewa mpaka viwe mkaa, kisha mkaa huo huuingiza kwenye tanuri la nyuzi joto 800 hadi 1,000 na kuupulizia mvuke wa maji.

Mvuke huo unautafuna mkaa. Molekuli ya maji ikigusana na kaboni katika joto kali namna hiyo, inabandua atomu moja ya kaboni, na vyote vinatoka tanurini vikiwa gesi: kaboni monoksidi na haidrojeni. Mkaa unabaki umetoboka, na ndani ya matobo mna matobo mengine, mengi yao hayafiki nanomita 2 kwa upana. Unywele mmoja wa kichwani mwako una upana wa nanomita 50,000 au zaidi, kwa hiyo usijisumbue kuyatafuta kwa macho. Mkaa huu unaitwa mkaa amilifu, na gramu moja tu ina kuta za ndani zenye eneo la mita za mraba 1,500, mara nyingine zaidi ya hapo. Uwanja wa mpira wenye urefu wa mita 105 na upana wa mita 68 una mita za mraba 7,140. Gawanyeni wenyewe muone zinatosha gramu ngapi kuufunika.

Huo ndio utajiri wa kifuu: nafasi.

Nafasi ya kuweka nini? Wengine huchujia maji, na hospitalini mtu aliyemeza sumu huweza kunyweshwa unga wake ili sumu inase humo. Lakini mwaka 1954 Mmarekani mmoja aitwaye Howard Becker, wa kampuni ya General Electric, aliomba hataza ya jambo jingine kabisa. Alichukua kaboni yenye vitundu, akailoweka kwenye kimiminika kinachopitisha umeme, akaichaji kwa volti chache tu, nayo ikashika chaji nyingi mno kwa ukubwa wake. Hataza ilitolewa mwaka 1957, na ndani yake Becker alikiri kwamba haijulikani kwa hakika ni nini kinachotendeka mle ndani. Mimi nampenda kwa hilo. Si wengi wanaoomba haki ya uvumbuzi huku wakisema wazi kwamba hawajauelewa. Mwaka 1978 kampuni ya NEC ya Japani ikaanza kuuza vifaa vya namna hiyo kwa jina la supakapasita, kazi yao ikiwa kulinda kumbukumbu za kompyuta umeme unapokatika.

Kinachotendeka tunakijua leo. Ndani ya supakapasita mna elektrodi mbili nyeusi zilizotenganishwa kwa karatasi nyembamba, na zote zimeloa elektroliti, yaani kimiminika chenye ioni: chembe zenye chaji, nyingine chanya, nyingine hasi. Ukiunganisha chaja, elektroni zinaondolewa kwenye elektrodi moja na kusukumwa kwenye nyingine. Iliyojaa elektroni huvuta ioni chanya. Iliyopungukiwa huvuta ioni hasi. Ioni hizo hazigeuki kuwa kitu kingine. Zinajibandika ukutani tu, karibu mno, hata nafasi kati yake na ukuta haifiki nanomita moja. Mjerumani Hermann von Helmholtz aliieleza hali hii ya chaji mbili zinazotazamana mpakani tangu mwaka 1853, miaka mia moja kabla ya Becker. Na kwa kuwa hakuna mmenyuko wa kikemia unaochakaza kitu, supakapasita huweza kuchajiwa na kumalizwa mara laki kadhaa, wakati betri ya simu huanza kuchoka baada ya mara mia kadhaa.

Ukuta mwingi, ioni nyingi. Mnaona basi kwa nini namwita kifuu tajiri. Lakini nilisema hafikiki, na hadithi yenyewe hasa inaanzia hapo.

Twendeni Lamu, kwenye mji wa mawe. Nyumba za kale za pale zina kuta nene, na kwenye kuta kuna zidaka, safu juu ya safu, za kuwekea vyombo na vitu vya thamani. Nje, vichochoro ni vyembamba. Punda akija na mzigo, wewe unajibana ukutani apite. Na hapa na pale, ukiinua macho, unaona wikio: chumba kilichojengwa juu ya kichochoro, kinachounganisha nyumba hii na ile ng'ambo, wenyewe wapite huko juu bila kushuka njiani.

Punje moja ya mkaa amilifu ni nyumba ya namna hiyo. Vitundu vyake ni zidaka. Vichochoro vimejaa elektroliti, na humo ndimo zinamopita ioni. Elektroni haziwezi kupita humo hata kidogo. Njia yao ni juu, nyumba hadi nyumba, kwenye kaboni yenyewe. Na ioni haiwezi kutulia kwenye kidaka mpaka upande wa ukuta uwe umepata au umetoa elektroni inayolingana nayo. Wageni wa chini na wageni wa juu lazima wafike pamoja. Upande mmoja ukichelewa, kidaka kinabaki kitupu hata kama mji umejaa wageni.

Sasa zitazameni nyumba zenyewe. Punje za mkaa unaotumika viwandani zina upana wa maikromita 5 hadi 10, nazo zina pembe pembe, kwa kuwa zimesagwa. Punje mbili za namna hiyo zikikutana, zinagusana kwa ncha tu. Ndani ya punje nako njia ni mbovu: mvuke ule uliochonga zidaka umekula kaboni ambayo elektroni zingepitia, na tabaka za kaboni zilizobaki zimekaa shaghalabaghala. Ukizidisha kutoboa ili upate nafasi zaidi, umezidisha pia kubomoa njia. Juu ya hayo yote, punje hazishikamani zenyewe, kwa hiyo inatiwa gundi, na gundi ni plastiki isiyopitisha umeme. Mji una hazina tele, lakini nyumba zake hazina wikio.

Hapo ndipo maskini wetu anapoitwa.

Masizi ya kiwandani si ya kukwangua chini ya sufuria, ingawa ni ndugu. Hutengenezwa kwa kuchoma mafuta mazito kwa hewa haba, au kwa kuipasua kwa joto gesi ya asetilini, ile ya mafundi wa kuchomelea vyuma. Haya ya asetilini ni safi na yanapitisha umeme vizuri sana. Mnaishi nayo bila kujua: tairi la baiskeli ni jeusi kwa sababu ya masizi, na wino wa gazeti vilevile. Unga mweusi ulio ndani ya betri kavu ya redio ni manganizi dioksidi iliyochanganywa na kaboni, kwa sababu ile ile tunayoizungumza leo: manganizi dioksidi peke yake haipitishi umeme vya kutosha. Mfaransa Georges Leclanché alitumia mchanganyiko wa namna hiyo mwaka 1866. (Niaminini tu, msipasue betri kuhakikisha, kemikali zake zinachoma ngozi.)

Chembe moja ya masizi ina upana wa nanomita 40 hivi. Weka pembeni yake punje ya mkaa ya maikromita 8, na punje itakuwa na upana mara 200. Lakini chembe hizi haziishi moja moja. Tangu zilipozaliwa kwenye moto zimeungana minyororo yenye matawi, na mnyororo ukijipenyeza katikati ya punje mbili za mkaa, unaigusa hii na unaigusa ile. Wikio imepatikana. Hifadhi yake mwenyewe ni ndogo sana: aina moja ya masizi inayopendwa maabara ina mita za mraba 60 hivi kwa gramu. Kazi yake ni kupitisha tu.

Mpishi wa elektrodi anapikaje? Vipimo vinavyotumika sana maabara ni sehemu 80 za mkaa amilifu, 10 za masizi na 10 za gundi. Gundi mara nyingi ni PTFE, plastiki inayopakwa kwenye vikaangio visivyogandisha chakula, na ndiyo ile ya utepe mweupe anaozungushia fundi bomba kwenye koki isivuje. Mkaa na masizi vinakorogwa kwanza vikiwa vikavu. Inatiwa alkoholi kidogo, halafu gundi. Mwanzoni ni tope linaloteleza, halishikiki. Unakanda. Unaendelea kukanda, na PTFE inavutika kuwa nyuzi nyembamba zinazoonekana kwa hadubini kali tu, mpaka mara tope linaacha kuteleza, linajikusanya donge moja jeusi linaloachana na bakuli. Donge linasukumwa kwa rola, linakunjwa, linasukumwa tena, hadi liwe kipande chembamba cha maikromita mia moja au mia mbili, kinachopindika bila kukatika. Kinakaushwa na kubanwa kwenye foili ya alumini. Kufikia hapo glovu ni nyeusi na meza ni nyeusi, na asiyevaa barakoa pua yake nayo ni nyeusi, maana masizi ni mepesi na hupeperuka kwa pumzi tu.

Wepesi huo unaleta matatizo. Masizi yanapenda kujikusanya madonge, na mpishi asiyekoroga sawasawa atajikuta mtaa mmoja una wikio kumi juu ya kichochoro kimoja, na mtaa wa pili hauna hata moja. Kwenye karatasi ataandika masizi asilimia 10. Elektroni za mtaa wa pili hazisomi karatasi.

Sasa swali la kiasi, na hapa naomba masikio yenu yote.

Tuseme mpishi hakutia masizi hata chembe. Je, supakapasita yake itakufa? Haitakufa. Ukiichaji polepole, kwa saa nzima, itahifadhi karibu sawa na nyingine, kwa kuwa elektroni zina muda wa kuvumilia njia mbovu. Wengi wanaopima hudanganyika hapo: wanapima taratibu, wanaona faradi, yaani kipimo cha uwezo wa kushika chaji, zimetimia, wanafurahi. Iharakishe ndipo aibu itakapoonekana.

Tufanye hesabu. Supakapasita moja kubwa ya viwandani ina faradi 3,000, volti 2.7, uzito wa nusu kilo hivi, na ukinzani wa ndani wa karibu omu 0.0003. Ivute ampea 100. Volti zinazopotea papo hapo ni ampea mara omu, yaani 0.03. Hakuna atakayezikumbuka. Sasa tuseme mpishi alibania masizi na ukinzani ukawa mara kumi, omu 0.003. Volti 0.3 zimepotea kabla kazi haijaanza, na joto linalozalishwa ndani limepanda kutoka wati 3 hadi wati 30. Hazina ni ile ile. Imebana njia tu.

Na tukiwa kwenye hesabu, nishati yote ya kifaa hicho ni nusu ya faradi mara volti mara volti: juli 10,935, karibu watisaa 3. Betri ya simu ya 5,000 mAh hubeba watisaa 19 hivi, nayo ni nyepesi kuliko hiyo nusu kilo. Kwa hiyo mtu akiwaambia supakapasita itaifuta betri, mcheke kwa adabu. Sifa yake ni haraka na kudumu. Ndiyo maana ukinzani ni jambo kubwa hivyo kwake: ukimnyang'anya haraka, umembakishia nini?

Haya, masizi yanatiwa kidogo kidogo. Nusu asilimia: karibu hakuna kinachobadilika, minyororo iko mbali mbali. Unaongeza, bado. Kisha kinafika kiasi fulani minyororo inapoanza kukutana ncha kwa ncha, kutoka mwanzo wa mji hadi mwisho, na ukinzani unaporomoka. Hapo ongezeko dogo linaleta faida kubwa. Ukiendelea mbele ya hapo, faida inapungua: njia ya tatu kati ya nyumba mbili haina maana ya ile ya kwanza. Na hasara inaanza kujitokeza. Katika gramu 100 za elektrodi, ukitia gramu 20 za masizi, umetoa gramu hizo kwenye fungu la mkaa wenye zidaka, na faradi zinapungua. Masizi mengi yanadai gundi nyingi, nayo haihifadhi chochote. Mwisho, yanajaa vichochoroni, na ioni ambazo zilikuwa zinapita kwa raha zinaanza kusukumana.

Kwa hiyo mkikuta tangazo linalojisifu kwa faradi kadhaa kwa kila gramu, ulizeni gramu za nini. Wapo wanaohesabu mkaa peke yake, wakaiacha mizani isione masizi, gundi, elektroliti na foili. Kwa mkaa pekee namba inapendeza. Anayebeba kifaa kizima hapati namba hiyo.

Mkitaka kuliona jambo hili mkononi, tafuteni mita ya fundi, mrija wa plastiki wa kunywea soda, misumari miwili inayoenea ndani yake, na mkaa wa jikoni. Twangeni mkaa uwe unga laini, jazeni kipande cha mrija cha sentimita tatu, zibeni kwa misumari huku na huku, kisha gusisheni waya za mita ikiwa kwenye kipimo cha omu. Mkaa wa matanuri ya udongo, uliochomwa kwa joto la wastani, mara nyingi hauonyeshi kitu; mita huandika OL, yaani ukinzani umepita kipimo chake. Sasa kwangueni kiini cheusi cha penseli laini, hicho kina grafiti. Changanyeni kidogo na unga wa mkaa, jazeni, pimeni. Bado OL. Ongezeni, pimeni. Mtachoka kidogo, halafu safari moja namba itatokea, na baada ya hapo kila nyongeza itaishusha. Jaribuni pia kuibonyeza misumari kwa ndani bila kuongeza kitu: namba inashuka vilevile, na sasa mnajua kwa nini elektrodi hubanwa kwa mashine. Umeme wa ukutani hauhitajiki hapa. Betri ya mita inatosha.

Masizi yana wapinzani. Mwaka 1991 Sumio Iijima, aliyekuwa akifanya kazi NEC, kampuni ile ile ya mwaka 1978, alichapisha habari za mirija ya kaboni yenye upana wa nanomita chache na urefu mkubwa. Mrija mmoja mrefu unavuka nyumba nyingi kwa mara moja, kwa hiyo kiasi kidogo kinafanya kazi ya masizi mengi. Lakini bei yake iko juu, na mirija hiyo hujisokota mafundo ambayo kuyafumua ni kazi. Grafini nayo, karatasi ya kaboni yenye unene wa atomu moja iliyowapatia Andre Geim na Konstantin Novoselov Tuzo ya Nobel mwaka 2010, inapitisha elektroni vizuri mno. Shida yake ni umbo. Karatasi pana ikilala juu ya mtaa, elektroni zinashangilia na ioni zinakuta kichochoro kimezibwa, zizunguke. Mimi, kwa elektrodi ya kawaida, bado namwamini maskini. Ni rahisi, anapatikana, na matawi yake yanaacha nafasi ya kupita.

Nisisahau lango la mji. Elektroni zote huingia kupitia foili ya alumini, na alumini ikikutana na hewa hujivika ngozi nyembamba ya oksidi isiyopitisha umeme. Mjini kukiwa na wikio kila mahali na lango likawa limefungwa, ni bure. Viwanda vingi huipaka foili rangi ya kaboni kwanza, au huikwaruza kwa kemikali, ndipo elektrodi ibandikwe.

Kiasi sahihi cha masizi, basi, hakiandikwi kwenye jiwe. Supakapasita inayolinda saa ndani ya kifaa umeme ukikatika hutoa mkondo mdogo sana kwa muda mrefu. Hapo mpishi anaweza kupunguza masizi na kuongeza mkaa. Mwaka 2006 jiji la Shanghai liliweka kwenye njia namba 11 mabasi ya supakapasita yanayojichaji vituoni wakati abiria wanashuka na kupanda. Basi la namna hiyo linapokea umeme kwa kishindo, linautoa kwa kishindo linapoondoka, na kila kituo linarudia. Milango ya dharura ya ndege ya Airbus A380 nayo iliwekewa supakapasita, na kazi yake, ikiitwa, ni ya sekunde chache. Kwa kazi za namna hiyo mpishi anaongeza masizi bila kuona haya, hata faradi zikipungua kidogo kwenye karatasi.